Mvua ya Novemba Tabora

Kutoka Tabora mjini kwenda Kwihara si mbali. Huku ilipita njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliifuata. Walifika Tabora tarehe 7 Novemba, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne. Huo ni mwezi wa kuanza mvua.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, nao walikuwa wakulima. Mvua ikikaribia walitaka kuwa kwao, washike jembe. Tajiri wa msafara alihangaika kupata watu.

Siku hizi mvua ya Tabora hupimwa. Maji yaliyoingia katika kipimo husomwa kila asubuhi kwa milimita. Mwisho wa mwezi hujumlishwa. Kisha mvua ya Novemba ya miaka 30 hujumlishwa yote, na kugawanywa kwa 30. Huo ndio wastani. Novemba ni kama milimita 100. Desemba ni kama 170. Julai ni karibu na sifuri.

Tuseme Novemba hii imeleta milimita 100 kamili. Je, ni mvua nzuri? Huenda yote ilinyesha siku tatu za kwanza. Kisha jua likawaka wiki tatu. Mahindi yameota na kukauka. Hesabu itasema mvua ilikuwa ya kawaida, lakini mkulima anatafuta mbegu nyingine, na mbegu ni fedha.

Basi ndugu mkulima, tia alama kwenye kalenda kila siku mvua inaponyesha shambani kwako. Ukisikia jumla ya mwezi, hesabu na alama zako.