Stesheni ya Nyunzu katika lupango moja ya Katuba

LUBUMBASHI – Katika lupango moja ya komini ya Katuba, mzee mmoja mstaafu wa reli anajenga njia ya treni juu ya ubao wa mita 3. Hakuna kitu alichonunua dukani. Reli ni spoku za baiskeli alizonyoosha kwa nyundo. Mataruma ni vipande vya mwanzi. Mabehewa yamekatwa kwenye makopo ya maziwa ya unga, na mota ilitoka katika radio ya kaseti iliyokufa. Umeme ukikatika, betri ya pikipiki inafanya kazi.

Kipimo chake ni 1 kwa 50, yaani kila mita 1 ya kweli inakuwa sentimita 2. Alikichagua kwa sababu hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto anaweza kuifanya kichwani. Na mtoto yupo: mvulana wa miaka 12 ambaye, pamoja na mama yake, alikimbia vita kutoka Nyunzu, jimbo la Tanganyika. Wanakaa katika chumba kimoja nyuma ya lupango. Mvulana anamwita mzee Nkambo, ingawa hawana undugu.

Siku za kwanza treni ilikuwa ikianguka kila mara. Mvulana alisema magurudumu ni mabaya. Mzee alimpa rula ili apime mwenyewe. Magurudumu yalikuwa yamekatwa kwa reli ya milimita 21, lakini kati ya reli na reli mlikuwa na milimita 20 tu.

Kosa lilikuwa la mzee, na lilitoka mbali. Tangu treni ilipofika Élisabethville mwaka 1910, reli ya Katanga ina upana wa milimita 1,067. Ukigawanya kwa 50, unapata 21 na kidogo. Lakini njia ya Kabalo hadi Kalemie, iliyofika ziwani mwaka 1915 wakati Kalemie ikiitwa Albertville, ilijengwa kwa mita 1 kamili. Zamani msafiri wa Élisabethville alipanda treni hadi Bukama, akashuka na kupanda mashua ya mto Lualaba hadi Kabalo, kisha akaingia treni nyingine. Katika miaka ya 1950 reli ile ilipanuliwa na kuunganishwa na njia ya Kamina. Baba wa mzee alifanya kazi huko kabla ya mabadiliko hayo, na upana aliomsimulia mwanawe ulikuwa ule wa mita 1.

“Nilijenga njia ya baba yangu,” mzee alisema, “na treni ilikuwa ya kwangu.”

Aling’oa spoku zote. Alikata kipande cha bati chenye meno mawili yaliyoachana milimita 21, na sasa hakuna reli inayogongwa bila kupimwa kwa bati hilo. Treni haianguki tena.

Stesheni aliyoichagua ni Nyunzu, kwa ajili ya mtoto. Mama yake hakutaka kuiona. Kwa majuma mengi alipita na ndoo yake bila kugeuza kichwa. Siku moja alisimama, akatazama, akasema: “Papa, wauzaji hawako.”

Mzee alijibu kwamba yeye alijenga alichokiona alipokuwa kazini.

“Wewe ulikuwa unapita, Papa. Sisi tulikuwa tunakaa.” Alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha na karanga kwenye madirisha ya treni. Alionyesha kwa kidole mahali pa kivuli, mahali pa meza, na upande ambako wanawake walikimbilia behewa la kwanza. Kisha akauliza: “Na nyumba yangu iko wapi?”

“Ilikuwa mbali kiasi gani?”

“Kama nusu kilomita.”

Mvulana alipata jibu kabla ya mzee: mita 10. Ubao wote ni mita 150 tu za Nyunzu. Njia nzima ya Kabalo hadi Kalemie ina kilomita 273. Kwa kipimo hicho ingehitaji karibu kilomita tano na nusu za barabara za Lubumbashi. Mvulana alihesabu hatua kutoka kwenye ubao, akapita jiko, akapita bomba, akatoka nje ya mlango wa lupango, akasimama barabarani. Nyumba yao ilikuwa pale, pikipiki zinapopita.

Mama alicheka, kisha akanyamaza. “Ni vile vile,” alisema. “Hata kule sikuwa naiona stesheni kutoka nyumbani. Nilikuwa naisikia. Ikipiga honi, nabeba beseni naenda.”

Tangu siku ile, mzee akiwasha mota anapiga kwanza firimbi yake ya kazi, kwa nguvu, ili isikike hadi barabarani. Juu ya ubao kuna meza ya njiti za kibiriti na wanawake watatu wa waya wa shaba.

Daraja bado halijaanza, kwa sababu spoku zimekwisha. Mwenye baiskeli iliyokufa anakaribishwa. Wanakaribishwa pia watu wa Kabalo, Nyunzu, Niemba na Kalemie wanaokumbuka mti ulisimama upande gani.