Kilomita 11,800

Kuna swali ambalo kila mwenye ndugu ughaibuni amewahi kuliandika kwenye intaneti: kutoka kwetu hadi kwao ni mbali kiasi gani?

Kwa Nairobi na New York jibu ni rahisi. Kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy kuna kilomita kama 11,800. Ndege inakata Sahara, inavuka Atlantiki, inatua. Kwenda ni saa 15 hivi na kurudi ni kama 14, kwa sababu kule juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma.

Safari hii ya moja kwa moja ni ya juzijuzi tu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama Februari 2017, na Kenya Airways ikaruka mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo ilikuwa lazima ubadilishe ndege njiani, mara nyingi Ulaya au Ghuba, ulale kwenye viti ukingoja ndege ya pili. Wengine bado hupita huko, na safari yao hufika saa 20 na ushee.

Siku ile nilishangilia kama abiria. Kaka yangu anaishi New York. Nikasema, sasa ni usiku mmoja tu.

Halafu Julai moja bibi yetu akafariki, Mombasa.

Jamani, hesabu hii hakuna tovuti inayokufanyia. Bibi alikata roho saa kumi na moja alfajiri. Kwa kaka ilikuwa bado saa nne usiku wa jana yake. Sisi Waislamu wa pwani maiti hatuiweki, kwa hiyo mazishi yalipangwa baada ya Alasiri, saa kumi jioni. Hapo ni saa 11. New York hadi Nairobi ni saa 14, na bado hujafika Mombasa. Yaani hata kama ndege ingekuwa imewasha injini inamngoja yeye peke yake, asingewahi. Mimi niliyekuwa Nairobi nilipanda ndege ya asubuhi, chini ya saa moja angani, nikabeba jeneza.

Marafiki zangu wa bara walishangaa. Kwao mazishi yanaweza kungoja wiki nzima, hata zaidi, mpaka wa ughaibuni watue. Siwalaumu, wala desturi yetu siilaumu. Ila nimejua kwamba ndege ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni kile unachokiwahi. Harusini kaka hufika bila shida, tena na zawadi. Mazikoni hawezi, hata awe na pesa za dunia nzima.

Alikuja kwenye arobaini. Tangu hapo, mzazi akianza kuumwa yeye hukata tiketi, hangoji simu ya pili. Mama humgombeza kwamba anachezea pesa. Mimi namwambia Mama amwache.

Wewe uliye mbali, umeshapiga hesabu yako? Usianzie uwanja wa ndege. Anzia nyumbani kwenu, uje nyuma.