Benchi lililonusurika kuwa kuni

Ukipita Kariakoo au Manzese utawaona mafundi viatu wamekaa kwenye vigoda, kiatu kimebanwa katikati ya magoti, msharasi mkononi. Wengi wetu viatu vyetu vya shule viliokolewa na watu hawa. Lakini kuna fundi ngozi wa zamani, yule wa mikoba, mikanda, ala za visu na ile mipira ya ngozi iliyofungwa kwa kamba kama kiatu. Huyo hakubana kitu kwa magoti. Alikuwa na benchi. Mimi nililiona kwa mara ya kwanza mwaka 2023, limelala chali nyuma ya nyumba moja Ilala, likisubiri kupasuliwa kuni.

Nyumba ilikuwa imeshauzwa. Ghorofa linakuja, hadithi hiyo mnaijua. Vijana wa kubomoa walikuwa wamekubaliana na mama lishe wa jirani kuhusu mbao zote zitakazotoka. Nikatoa shilingi 40,000. Mama lishe akanitazama kwa jicho baya, nikamnunulia gunia la mkaa, yakaisha. Benchi likapanda guta.

Mwenye benchi, mzee wa miaka 80 na kitu, alikuwa amehamia kwa binti yake Mbagala. Nikamfuata, nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka sana. "Mjukuu wangu, lile dubwana umelipeleka wapi?" Alianza kazi akiwa kijana, kwa fundi wa Kihindi pale mjini. Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971, tajiri yake alikuwa miongoni mwa waliofunga mizigo, naye akaachiwa benchi badala ya mshahara wa miezi miwili. Mzee hasemi kama alidhulumiwa au alibahatika. Anachosema ni kwamba benchi hilo limemsomeshea watoto watano.

Sasa niwaeleze dubwana lenyewe. Ni ubao mnene wa mvule wenye miguu minne. Fundi anaukalia kama mtu aliyepanda baiskeli, na mbele yake zinasimama taya mbili za mbao zinazomfika kifuani. Mkanda wa ngozi unatoka kwenye taya, unapita kwenye tundu la ubao, unashuka hadi kwenye kibao cha kukanyagia. Ukikanyaga, taya zinaing'ata ngozi na mikono yako yote miwili inabaki huru.

Na siri iko hapo kwenye mikono miwili. Fundi anatumia uzi mmoja uliopakwa nta, wenye sindano kila ncha. Msharasi unatoboa, kisha sindano zote mbili zinapishana katika tundu lilelile, moja ikitoka kulia, nyingine kushoto. Cherehani haishoni hivyo. Yenyewe ina uzi wa juu na uzi wa chini, unakutana ndani ya ngozi, na mmoja ukikatika mshono huanza kufumuka. Ule wa mkono ukikatika mahali pamoja, upande wa pili bado umeshika. Ndiyo maana utakuta mkoba wa babu ngozi imepasuka lakini mshono uko palepale.

Nikalipeleka kwa seremala mmoja Keko. Mchwa walikuwa wamekula miguu miwili, ila ajabu ya mvule ni kwamba walikula ile sehemu nyeupe ya pembeni tu. Kiini cha kahawia hawakukigusa. Seremala akaligonga, akalizunguka, akatoa hukumu: turande juu milimita tano, tupige msasa, tumalizie vanishi mikono mitatu. "Bosi, likitoka hapa utadhani limeshushwa kwenye kontena leo."

Hapo ndipo tulipogombana. Ubao ule una bonde dogo pale mzee alipokalia miaka yote. Una mistari ya kisu, mashimo ya nyundo, na duara jeusi la kopo la gundi. Ukiranda unapata ubao mzuri kabisa, kama ubao mwingine wowote unaouzwa Keko. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akakubali, lakini akaniambia nisimtaje kwa wateja wake.

Kazi ikawa kwenye viungo. Vilikuwa vimegundishwa kwa gundi ya zamani, ile ya kuchemsha ngozi na mifupa, ambayo hulegea kwa joto na maji. Tukaviviringishia matambara ya maji ya moto, vikaachia vyenyewe bila nyundo. Gundi yote ya zamani tukaikwangua, maana hii nyeupe ya siku hizi haishiki vizuri juu yake. Miguu iliyoliwa tukaiunga kwa mvule mkavu. Vanishi hatukupaka. Tuliyeyusha nta ya Tabora ndani ya maji ya moto, tukaipua, tukachanganya na tapentaini, tukasugua.

Kilichonitoa jasho ni mkanda. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, na mimi nazunguka wiki nzima kutafuta kipande kimoja cha ngozi nene! Tulikuwa na viwanda vya ngozi vya serikali Moshi, Mwanza na Morogoro. Pale Morogoro tukajenga na kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikiwa na kuta za alumini bila mpango wa kupitisha hewa katika joto lile. Kilizalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na uzalishaji ukakoma mwaka 1990. Benchi la mzee lilikuwa bado linafanya kazi.

Jamaa mmoja mwenye duka la mapambo alinipa bei nzuri, anataka aweke kioo juu liwe meza ya sebuleni. Nikampigia mzee. "Meza? Wewe litafutie mtu wa kulikalia."

Nikampata binti mmoja Mwananyamala anayeshona mikoba ya kompyuta kwa mkono. Mzee akaja kwa bajaji kumwelekeza. Alikaa, akakanyaga, akasema mkanda umelegea nukta moja, akaukaza mwenyewe.

Wiki iliyofuata nikapita kusalimia. Binti alikuwa ameshika keekee, anatoboa tundu jipya kwenye ubao, karibu kabisa na lile duara la gundi.

"Waya wa taa," akasema, bila kuinua kichwa. "Usiku sioni."