Mtu wa Diploma na Elementi ya 87

Sisi tunaosomea ualimu wa kemia tunaijua fransiamu kwa jina tu. Ipo kule chini kabisa ya kundi la kwanza, chini ya sesiamu, kama mtu wa mwisho kwenye foleni ya kantini. Hakuna anayemuuliza alifikaje pale. Mimi nilianza kuuliza semista hii, na jibu limenikaa kichwani kuliko hata mitihani.

Aliyeigundua anaitwa Marguerite Perey, Mfaransa. Alitamani kusomea udaktari, lakini baba alifariki yeye akiwa mdogo na hela nyumbani hazikuwepo. Akasomea ufundi wa kemia. Mwaka 1929, akiwa na miaka 19, akaajiriwa na Marie Curie pale Taasisi ya Radiamu, Paris. Digrii hana. Kazi yake ilikuwa kuandaa sampuli ambazo wenye vyeo wangezipima.

Sampuli yenyewe ni aktiniamu, na hapa wanakemia wenzangu watanielewa. Aktiniamu hutolewa kwenye mawe ya uraniamu, na ukiyeyusha yale mawe inatoka imejichanganya na lanthanamu na ndugu zake, zile lanthanaidi. Zote huunda ioni za chaji +3, na tabia zao zinafanana mno. Huwezi kumwaga kitendanishi kimoja ukasema imetoka. Unayeyusha, unafanya fuwele, unatenga, unayeyusha tena, mara nyingi mno. Halafu kuna balaa jingine: ukishaisafisha tu, inaanza kuzaa. Atomi zake zinavunjika na kuwa elementi nyingine nururishi, na muda si mrefu chombo kina mionzi ya kila aina. Ukichelewa kupima, unapima watoto, mama humwoni.

Perey alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa takribani miaka kumi. Mikono ilishazoea, alikuwa na kasi. Januari 1939 akasafisha, akapima papo hapo, akaona mionzi ya beta inapanda kwa dakika za mwanzo, kisha inatulia. Kulikuwa na kitu chenye nusu-uhai ya dakika kama 21 hivi. Alipoweka chumvi ya sesiamu na kuitenga, kile kitu kikaifuata sesiamu. Basi ni cha kundi la kwanza. Nafasi ya 87 ilikuwa wazi tangu enzi za Mendeleev, na wapo waliokuwa wametangaza kuijaza wakakosea. Ni kama atomi moja tu katika kila mia za aktiniamu inayopita njia hiyo. Nani angeiona, kama si mtu aliyeshinda na aktiniamu kila siku?

Kwa kuwa hakuwa na digrii, ikabidi akasome masomo ya chuo kwanza ndipo apate udaktari wa falsafa, Sorbonne, 1946. Yaani ameshagundua elementi, ndiyo anahangaikia sifa za kujiunga! Mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, ileile iliyomkataa Curie mwaka 1911.

Nasema haya kwa sababu ya kaka yangu. Ana diploma, ni fundi wa maabara shule moja ya sekondari. Bumu likichelewa, yeye ndiye hunitumia hela ya kula. Lakini wageni wakija nyumbani, anayetambulishwa kuwa "msomi wetu" ni mimi. Kaka anajua kwa harufu asidi ipi imeharibika. Walimu wenye digrii humwita dakika tano kabla ya prakto awaokoe, kisha jina lake halipo popote. Na mimi mwakani nitakuwa mmoja wa walimu hao.

Nilimpigia simu nikamsimulia habari ya Perey, nikifika kwenye Akademia kwa mbwembwe zote. Nikamwambia pia kwamba alitumaini fransiamu ingesaidia kutambua saratani, na kwamba yeye mwenyewe alifariki kwa saratani mwaka 1975, baada ya kuugua miaka mingi kwa ajili ya ile mionzi.

Kaka akanyamaza, kisha akauliza, "Glavu walikuwa wanampa?"

Nikamwambia zama zile kinga ilikuwa ndogo sana.

"Hata hapa zimeisha tangu muhula uliopita," akasema. "Haya mdogo wangu, usiku mwema. Fomu foo wana prakto asubuhi, sijapima hata asidi."