Miguu ya Golikipa wa Lagos

Aprili 1984 ungeingia kwa kinyozi, kanisani au kwenye mkahawa wowote wa mitaa ya kusini mwa Houston, ungekuta watu wanabishana juu ya kijana mmoja. Akeem Olajuwon (hivyo ndivyo magazeti yalivyoliandika jina lake siku hizo, herufi H aliirudisha mwenyewe mwaka 1991) alikuwa ametoka kupoteza fainali ya vyuo vikuu kule Seattle, pointi 84 kwa 75, mbele ya Georgetown ya Patrick Ewing. Alikuwa bado na haki ya kucheza chuo mwaka mmoja zaidi. Akaamua kuuacha mwaka huo na kwenda kwenye ligi ya kulipwa, NBA. Ubishi ulikuwa mmoja tu: ataweza, au wakubwa watamvunja?

Mimi nilikuwa nasoma jiolojia katika chuo hichohicho, Chuo Kikuu cha Houston. Gesi ilikuwa imepatikana Songo Songo, kwetu Tanzania, mwaka 1974, nchi ilihitaji watu wa kuisoma miamba yake, na Houston ndiyo ilikuwa Maka ya fani hiyo. Nilifika 1981. Watanzania tulikuwa wa kuhesabika. Wanaijeria walikuwa wengi mno, maana bei ya mafuta ilikuwa nzuri na nyumbani kwao fedha za karo zilikuwepo. Hao ndio walionichukua kwa mara ya kwanza hadi Hofheinz Pavilion, ukumbi wa michezo wa chuo, kumtazama mtu wao. Mimi nilikulia kwenye soka la Tanga, mpira wa kikapu niliujua kwa mbali tu. Baada ya miezi michache nilikuwa nakosa usingizi siku za mechi.

Timu ile ilipendwa kwa danki. Clyde Drexler, Michael Young, Larry Micheaux na Benny Anders waliruka kana kwamba sakafu inawatupa, na mwandishi mmoja wa gazeti la Houston Post akawapachika jina la Phi Slama Jama, kama vile ni chama cha siri cha wanafunzi. Akeem ndiye aliyelinda mlango wao. Alikuwa na takribani mita 2.13, na mpinzani yeyote aliyeingia chini ya kikapu alijua kwamba mkono ule mrefu unakuja. Katika msimu wake wa mwisho aliongoza nchi nzima kwa ribaundi, 13.5 kwa mechi, na kwa bloku, 5.6 kwa mechi, na zaidi ya mipira 67 kati ya kila 100 aliyoirusha kikapuni iliingia.

Ukisikia hesabu hizo leo unauliza shaka ilitoka wapi. Ilikuwepo, tena ya watu wenye akili zao. Walisema ameanza kuchelewa: huko Lagos alikuwa golikipa na mchezaji wa mpira wa mikono, na kikapu alikigusa akiwa tayari kijana mkubwa wa sekondari. Marekani alifika 1980, mwaka wa kwanza hakuchezeshwa kabisa, na msimu uliofuata alipata wastani wa pointi nane tu. Walisema anafunga kwa kudanki na kwa kuokota mipira iliyokosewa na wenzake, hana mtupo wa mbali. Mitupo huru alipoteza karibu nusu. Alikusanya faulo haraka, akatolewa nje wakati anahitajika. Na hoja nzito kuliko zote: timu yake ilifika hatua ya nne bora mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, na haikuchukua kombe hata mara moja.

Usiku wa Aprili 4, 1983 bado unaniuma. Fainali ilichezwa Albuquerque, mji ulio juu sana kutoka usawa wa bahari, na wachezaji wetu wa uwanda wa pwani walionekana wanatafuta pumzi. North Carolina State ya kocha Jim Valvano haikupewa nafasi na yeyote. Mapumziko tukawa nyuma, 33 kwa 25. Kipindi cha pili vijana wakaamka, wakapita mbele, kisha kocha wetu, Guy Lewis, akaamuru mpira upozwe. Wakati ule mchezo wa vyuo haukuwa na saa ya kulazimisha timu kurusha. Ungeweza kukaa na mpira mpaka watu wachoke. Mashine yetu ikapoa pamoja na mpira. Sekunde za mwisho, zikiwa 52 kwa 52, Dereck Whittenburg alirusha kutoka mbali sana, mpira ukapungukiwa, Lorenzo Charles akaudaka hewani na kuudanki. 54 kwa 52. Akeem alikuwa na pointi 20 na ribaundi 18 usiku ule, na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano ilhali timu yake imeshindwa. Nakumbuka tulivyotoka bwenini tukakaa nje bila kuzungumza, Wanaijeria, Wamarekani na mimi wa Tanga.

Rafiki yangu mmoja wa Kiyoruba, aliyewahi kucheza soka la sekondari huko Lagos, ndiye aliyenifunza kuitazama mechi ile upya. Aliniambia nisiangalie mpira, niangalie Akeem amezungukwa na nani. Nikaona. Chuoni timu pinzani iliruhusiwa kucheza ulinzi wa zoni, kila mlinzi na eneo lake, kwa hiyo Akeem alipopewa mpira alikuta mmoja mgongoni, mmoja usoni na wa tatu ananyemelea mkono. Angefanya nini zaidi ya kuruka juu yao na kudanki? Kule NBA zoni ilikuwa marufuku. Kila mlinzi ilimpasa amkabe mtu wake. Kumwongezea senta mlinzi wa pili ilibidi umwache mwingine waziwazi. Tena eneo lililopakwa rangi chini ya kikapu, ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, lilikuwa na upana wa mita 4.88 kwa wa kulipwa, na 3.66 tu kwa vyuo. Senta mzito husukumwa mbali na kikapu na upana huo. Senta mwenye miguu hupewa nafasi ya kucheza.

Na Akeem alikuwa na miguu. Wote tuliona kimo chake, wachache tu walitazama chini. Golikipa hajui kusimama wima; anaishi kwa vidole vya miguu, hatua fupifupi za pembeni, mwili umeelekea huku na macho kule. Mpira wa mikono nao humfundisha mtu kumdanganya mlinzi kwa bega kisha ageukie upande wa pili bila kupoteza mizani. Kijana yule alikuja Marekani na elimu hiyo yote mwilini, na walimu wa takwimu hawakuwa na safu ya kuiandikia. Sikubali mpaka leo maneno kwamba alikuja hajui kitu. Alikuja anajua michezo miwili, na wa tatu akaujengea juu yake.

Jambo la pili lililonipa imani nililiona nje ya chuo. Karibu na Buffalo Bayou kuna kituo cha michezo cha manispaa kiitwacho Fonde. Mtu yeyote angeingia. Majira ya joto wachezaji wa kulipwa walikuja kujinoa pale, na mkubwa wao alikuwa Moses Malone, aliyeruka chuo kabisa na kuingia ligi ya kulipwa mwaka 1974 akitokea sekondari. Malone alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa NBA mwaka 1979 na tena 1982. Hata alipohamia Philadelphia mwaka huohuo wa 1982 aliendelea kurudi Houston likizo, na 1983 alirudi akiwa bingwa.

Tulikwenda Fonde kwa basi Jumamosi, joto la Houston likiwa la kuyeyusha lami. Ukumbi haukuwa na madoido: ubao wa sakafu uliochakaa, mabenchi machache, jasho. Malone hakuwa mrefu kuliko Akeem, ila alikuwa na kiuno kipana na alikitumia kukuondoa mahali pako. Alimsukuma Akeem, akamkanyagia nafasi, akamnyang'anya ribaundi, akamfunga, akarudi tena. Hakuna refa pale, na ukidai faulo mbele ya Malone unachekwa. Mara za kwanza Akeem alikasirika. Baadaye alianza kujibu. Mpira ukimfikia mgongo ukiwa kwa Malone, anatikisa bega la kushoto, mkubwa anakwenda kushoto, yeye ameshageuka kulia. Hilo ndilo baadaye dunia ililiita mtikiso wa Dream, kwa jina lake la utani. Mimi nililiona likiwa bado changa, mara lafaulu, mara laishia kwenye kifua cha Moses Malone.

Kwa hiyo wakati kinyozi wetu alipokuwa anauliza kama kijana atawaweza watu wazima, jibu lilikuwa linatolewa Fonde kila kiangazi bila kiingilio.

Rockets, timu ya mji, ilikuwa imevurunda misimu miwili: ushindi 14 tu 1983, halafu 29 mwaka uliofuata. Sarafu ikarushwa kati yao na Portland kuamua nani achague mchezaji wa kwanza, Houston ikashinda. Juni 19, 1984 wakamtaja Akeem. Portland ikamchukua Sam Bowie, na wa tatu, Chicago, ikamchukua Michael Jordan. Vijana wa leo hunishangaa nikisema kwamba Houston hakuna aliyelalamika. Kilicholalamikiwa ni kingine kabisa: tayari tulikuwa na Ralph Sampson, mita 2.24, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka uliotangulia. Masenta wawili watagombania eneo moja, walisema.

Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 20.6 na ribaundi 11.9. Timu ikapanda kutoka ushindi 29 hadi 48. Mwaka uliofuata, 1986, wakawatoa Lakers mechi nne kwa moja wakaingia fainali dhidi ya Boston, wakashindwa 4 kwa 2. Swali la kinyozi likafa kifo chake, ingawa kinyozi mwenyewe alihamia kuuliza kama Akeem ataweza kuchukua ubingwa.

Hilo lilijibiwa nikiwa nimesharudi nyumbani. Fainali ya 1994 dhidi ya New York niliiona kwa mkanda wa video alioniletea jamaa aliyekuwa akitoka Houston, wiki nyingi baada ya mechi kuchezwa. Nilikuwa najua matokeo na bado nilisimama. Mechi ya sita, Houston ina 86 na New York 84, John Starks anainua mpira wa mwisho ambao ungewapa Knicks kombe. Hakeem, maana H ilikuwa imerudi, anatoka mbali hadi kwake na kuugusa kwa ncha za vidole. Ni hatua za golikipa anayetoka langoni. Aliyekuwa upande wa pili ni yuleyule Ewing wa Seattle. Houston ikashinda mechi ya saba, na 1995 ikachukua tena kwa kuifunga Orlando ya Shaquille O'Neal mechi nne bila.

Sisi Watanzania tulikuja kuuliza swali hilohilo miaka 25 baada ya Houston. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mita 2.21, aliyemalizia sekondari Houston hiyohiyo, alikuwa nguzo ya Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wa 2008/09 alipata bloku 4.2 kwa mechi na kuifikisha timu nne bora. Juni 2009 Memphis ikamchagua wa pili, kabla ya James Harden na Stephen Curry, akawa Mtanzania wa kwanza katika NBA. Nyumba yangu ilijaa wageni. Kila mmoja alisema: tazameni, Hakeem mwingine.

Nilifurahi kama wote, na nilikuwa na wasiwasi ambao sikuweza kuueleza vizuri katika kelele zile. Sheria zilikuwa zimegeuka. Tangu msimu wa 2001/02 NBA iliruhusu zoni, ikaweka na kanuni mpya: mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu hawezi kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Chuoni Hasheem alisimama hapo na mkono juu, na nchi nzima ikaogopa kuingia. NBA ikamlazimisha atoke, afuate wachezaji wafupi wenye kasi hadi mbali, kisha arudi. Hakeem alitoka kwenye kanuni zilizombana akaenda kwenye zilizomfungua. Hasheem alivuka daraja hilohilo kutoka upande wa pili. Naye Malone wake alikuwa wapi? Mwenzake alipata viangazi vya kupigwa bega na mchezaji bora wa ligi kabla hajasaini mkataba wowote. Yeye, miezi michache baada ya kuingia, akapelekwa ligi ya chini, Dakota Wizards. Februari 2011 akahamishiwa Rockets, katika mji ule ule. Alicheza NBA mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Wapo wanaomdhihaki kwa hesabu hiyo, na dhihaka hiyo inanikera, kwa sababu mechi 224 za ligi ile hakuna Mtanzania aliyewahi kuzicheza kabla yake.

Mwaka jana mpwa wangu alinijia na picha za video za kijana mmoja wa huku kwetu, mrefu, anayetafutiwa nafasi ya kusoma Marekani. Akasema, mjomba, wewe uliwaona wakubwa, huyu atafika? Nikamwomba azime picha za danki. Nikamwuliza kijana alicheza mchezo gani utotoni, na likizo anafanya mazoezi na nani. La kwanza alilijua: soka, beki wa pembeni. La pili akaahidi kwenda kuuliza.