Radio ya Papa na Mashini Zetu za Karatasi

Sisi tunaoandika ni ndugu wawili wa tumbo moja, na ugonjwa wetu walimu wanaujua: kitu chenye skurubu hatuwezi kukiacha kimefungwa. Nyumbani tumekwisha kufungua tochi, saa ya ukutani, pasi, telefone mbili zilizokufa na moja iliyokuwa nzima. (Mama akisoma hapa ataijua hiyo ya mwisho.) Ndani ya telefone mna tantali, inayotoka katika koltani, ile inayochimbwa kule Rubaya, Masisi. Tulipojifunza hayo tuliziheshimu zaidi, lakini tuliendelea kuzifungua.

Mwanzo wa mwezi wa Mei 2021, tukiwa bado shule ya msingi, tulifungua radio ya Papa ili tuone sauti inakaa wapi. Tuliifunga vizuri, skurubu tatu zikabaki mkononi, na radio ikanyamaza. Hatukusema kitu. Papa alifikiri mabuye yamekwisha, akanunua mapya. Ikanyamaza vilevile.

Jioni ya tarehe 22 Nyiragongo ulipasuka. Umeme ukakatika, telefone za nyumbani zikazimika moja moja, na ardhi ikaendelea kutetemeka siku zile zote. Asubuhi ya tarehe 27 serikali ya jimbo ikatangaza kwamba watu wa sehemu kadhaa za Goma wahame. Sisi tulikuwa tunachemsha chai juu ya mbabula. Mama jirani ndiye aliyepiga mlango: "Bado muko humu? Batu bote beko natoka!"

Papa aliitazama radio juu ya kabati, kisha akatutazama sisi. Hakusema neno. Afadhali angetupiga.

Tukashika njia ya Sake, kilometa karibu 25. Babu hawezi kutembea mbali, basi Papa alitafuta kijana mwenye chukudu, Babu akakalishwa juu ya godoro katikati ya masufuria. Njia nzima tulikitazama kile chombo. Ni mti mtupu: magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa gari, usukani, na kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Ukikikanyaga, ndiyo breki. Kila siku vinateremka hivyo kutoka Kibumba na viazi na kabichi. Hakiombi mabuye. Hata sisi hatukupata cha kufungua.

Sasa tuje kwenye hadithi. Mwaka huu tulitunga moja kwa ajili ya gazeti letu hili: chombo kinachosafiri chini ya Ziwa Kivu, chenye vifungo vya kila kazi. Kimoja kinapika fufu, kingine kinafanya hesabu za mazoezi. Mwalimu aliturudishia na maneno ya wino mwekundu: "Kinakula nini? Kikiharibika, nani anakitengeneza?"

Tulikasirika kidogo. Hadithi ni hadithi! Lakini alituazima kitabu cha Jules Verne cha mwaka 1870, kile cha kapiteni Nemo na chombo chake Nautilus. Nemo anajisumbua kueleza umeme wake unatoka wapi: sodiamu iliyo katika chumvi ya bahari. Tukasema, basi chetu kitakula gesi ya metani iliyo chini ya ziwa, kama ile ambayo upande wa Rwanda, kwenye mradi wa KivuWatt, inatoa umeme. Mwalimu akaandika tena: "Na moto utawaka bila hewa?" Hapo tulikwama wiki mbili.

Mwisho tulifuta vifungo karibu vyote. Hewa tuliiweka ndani ya mapipa ya chuma, tukaihesabu saa kwa saa. Ndani ya chombo tukaweka radio moja, isiyosema, na mtoto wa kapiteni anayejua sababu na anayeificha, huku watu wa pwani wanaita, wanaita. Sehemu hiyo tuliiandika usiku mmoja, bila kufuta.

Papa aliisoma Jumapili, baada ya ibada. Alisoma polepole, akakunja karatasi, akauliza: "Na zile skurubu, ziko wapi?"

Zilikuwa ndani ya mkebe wa maziwa, chini ya kitanda. Tulizileta zote tatu. Akaenda kuteremsha radio.