Upanga wa Jack na Fimbo Yetu

Leo tunataka kuwasimulia neno lililotupata katika jamaa yetu. Hatukulisema mapema kwa sababu lilituaibisha. Lakini aibu ikifichwa haimfai mtu, na ikisemwa huenda ikamfaa jirani.

Siku moja ya likizo tulirudi kutoka kazini, tukasikia kilio nyuma ya nyumba. Tulimkuta mwana wa jirani, mtoto wa miaka sita, ameketi chini, damu inamtoka katika paji la uso. Mbele yake alisimama mwana wetu wa kwanza, fimbo mkononi, kitambaa cheupe kiunoni. Hatukuuliza neno. Kwa majuma mengi tulikuwa tumemwona akirukaruka uani, akiipiga migomba kwa fimbo hiyo na kujiita samurai. Tukawaza: "Haya, sinema zile zimezaa matunda yake." Tukamnyang'anya fimbo, tukampiga kwa fimbo ile ile. Hakujitetea. Alilia kidogo, akaingia ndani.

Jioni mama wa yule mdogo alikuja kutushukuru. Mtoto wake alikuwa ameanguka kutoka juu ya mwembe, na mwana wetu ndiye aliyemwinua, akamwongoza mpaka uani kwetu, akiwafukuza mbwa njiani kwa fimbo yake.

Tulikosa la kusema. Mwenye busara angalimwita mtoto saa ile ile na kumwomba radhi. Sisi hatukufanya hivyo. Tulijiambia kwamba baba hainami mbele ya mwanawe, na kwamba, hata hivyo, sinema ile ni mbaya. Basi tukaazimia kuitazama wenyewe, kusudi tupate sababu ya kuikataza. Kweli ni kwamba tulikuwa tunatafuta shahidi wa kututetea.

Sinema hiyo ni ya michoro, nayo inaitwa Samurai Jack. Aliyeibuni ni Genndy Tartakovsky, aliyezaliwa Moscow mwaka 1970 na kuhamia Marekani pamoja na wazazi wake angali mtoto. Ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2001, ikaendelea mpaka mwaka 2004, jumla vipande 52. Kisha mwaka 2017 vikaongezwa vipande 10 vya kuimaliza. Michoro yake haizungushiwi mistari myeusi kama ilivyo desturi, na mara nyingi dakika nyingi hupita bila mtu kusema neno: husikika upepo tu, au maji, au nyayo za msafiri.

Masamurai walikuwa watu wa kweli, wapiganaji wa Japani waliowatumikia mabwana wao kwa karne nyingi, hata mwaka 1876 serikali ilipokataza kuvaa upanga hadharani, isipokuwa kwa askari na wengine wachache. Lakini Jack ni mtu wa kubuniwa. Baba yake ni mfalme katika Japani ya kale. Adui wao ni pepo aitwaye Aku, na jina hilo kwa Kijapani maana yake ni ubaya. Aku anaiteka nchi. Mama anamtorosha mwanawe, naye anapelekwa katika nchi nyingi ili ajifunze. Akiisha kuwa mtu mzima anarudi, anapokea upanga wa baba yake, anakwenda kupigana. Anapokaribia kushinda, Aku anamtupa mbali katika wakati ujao, mahali ambapo ubaya umekwisha kutawala dunia yote. Hata jina la Jack si lake: alipewa na vijana wa mji ule wa kigeni, naye akalikubali. Tangu hapo anatafuta njia ya kurudi kwao.

Neno moja lilitushangaza. Miongoni mwa nchi alizopitia akijifunza, mojawapo ni Afrika yetu, na huko alijifunza kupigana kwa fimbo! Kuna kipande kizima kinachoonyesha jinsi alivyopokelewa kijijini, angali mtoto, akaishi kama mmoja wao. Maadui wanapowateka wanakijiji, anajizoeza kwa bidii, kisha anakwenda kuwafungua. Tulipoona hayo tuliikumbuka migomba yetu iliyopigwapigwa, na kwa mara ya kwanza tulicheka. Mwana wetu, aliyekuwa ameketi kando akitutazama kwa woga, alicheka pia.

Tuliendelea kutazama jioni kwa jioni, na sababu ya kuikataza ilizidi kupungua. Samurai huyu hatafuti ugomvi. Huwasalimu wakubwa kwa adabu na kuwasaidia wanyonge. Karibu kila mara anapoiona njia ya kurudi kwao, hukuta watu walio katika mateso, naye huiacha njia ili awaokoe. Wale anaowakata kwa upanga katika vipande vile vya kwanza, karibu wote ni mashine, si watu. Na upanga wenyewe una jambo lake: hauwezi kumdhuru asiye na hatia. Siku moja Aku aliupata mikononi mwake, akataka kumchoma nao Jack. Upanga ukakataa kumwumiza.

Vile vipande vya mwaka 2017 havikutengenezwa kwa watoto. Vina damu na huzuni nyingi. Wazazi wavitazame kwanza wenyewe. Sisi tulivitazama watoto wakiisha kulala, na humo ndimo tulimopata hukumu yetu.

Miaka hamsini imepita. Jack hazeeki, lakini amechoka, ndevu zimemwota, na upanga hanao tena. Tulidhani Aku amemwibia. Sivyo. Anaikumbuka siku ambayo Aku aliharibu njia ya mwisho ya kurudi kwao. Hapo palikuwa na kondoo watatu wa mlimani. Aku akawageuza wanyama wakali, wakamrukia Jack. Naye, moyo wake ukiwaka hasira kwa sababu ya tumaini lililopotea, akawakata wote. Walipokwisha kufa walirudia sura yao ya kwanza: kondoo, wala si kitu kingine. Akasimama katikati yao, na upanga ukamwacha, ukaanguka shimoni.

Tulizima televisheni, tukakaa gizani. Mbele ya macho yetu hatukuona kondoo. Tulimwona mtoto wa miaka kumi na moja, kitambaa cheupe kiunoni, asiyejitetea. Naye Jack alikuwa na udhuru, maana alidanganywa macho na pepo. Sisi nani alitudanganya? Hakuna aliyemgeuza mwana wetu kuwa mnyama mkali ila hasira yetu wenyewe.

Tena tuliona jinsi alivyoupata upanga wake. Hakununua mwingine, wala hakumnyang'anya mtu. Alipanda mlimani, akaketi kimya, akapambana na hasira yake mwenyewe, iliyomjia katika sura yake mwenyewe. Alipoishinda hiyo, upanga ulirudishwa mkononi mwake. Wazee wetu walisema kwa maneno mawili tu: hasira, hasara.

Asubuhi tulimwita mwana wetu uani. Tulikuwa tumeandaa hotuba ndefu, lakini yote ilitupotea. Tulisema tu: "Mwanangu, siku ile tulikupiga bure. Ulifanya jema, nasi hatukuuliza. Utusamehe." Aliinamisha kichwa, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. Mwisho akasema: "Baba, nilitaka kukuambia, lakini niliona umekasirika." Kisha akauliza kama anaweza kuipata fimbo yake. Tulikwenda kuileta juu ya kabati, tukampa kwa mikono miwili.

Wazazi wenzetu, hatusemi kwamba mtoto asirudiwe akikosa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini mamlaka ya mzazi ni kama ule upanga: yakimwangukia asiye na hatia, hutuacha, hata kama fimbo bado i mkononi. Mtoto ataogopa, lakini hatatusadiki tena. Tulidhani kwamba kumwomba radhi kutatupunguzia heshima. Tangu siku ile, mwana wetu akivunja kitu huja mwenyewe kutuambia, kabla hatujauliza.

Nanyi wanafunzi mnaopenda kucheza samurai, chezeni. Lakini kumbukeni kwamba shujaa huyu alisafiri nchi nyingi akijifunza kupiga, na somo lililomshinda muda mrefu kuliko yote lilikuwa kuuzuia mkono wake. Sisi tumeanza kujifunza somo hilo tukiwa na mvi kichwani. Ninyi lianzeni sasa.